Manowari Ndogo, Makaa na Mashua

Ukitazama picha ya manowari ndogo ya Kiingereza ya miaka ya 1870, kinachogonga macho kwanza ni ule mchanganyiko: milingoti mitatu yenye foromali na kamba kila upande, na katikati yake dohani nyeusi inayofuka moshi. Maelezo ya kawaida ni kwamba maadmirali walikuwa wazee waliopenda matanga ya ujana wao, wakaikubali injini shingo upande. Wazee hao walikuwapo, sikatai. Lakini matanga hayakubakishwa kwa mapenzi. Yalibakishwa kwa hesabu ya makaa ya mawe, na hesabu hiyo ilikuwa na mkono mkubwa katika namna Waingereza walivyoipekua, na hatimaye walivyoitawala, bahari ya kuanzia Suakin hadi Msumbiji.

Tuchukue Gannet, kwa kuwa bado ipo na mtu anaweza kulipa kiingilio akaipanda. Ilishushwa majini Sheerness, kusini mashariki mwa Uingereza, tarehe 31 Agosti 1878. Urefu wake ni futi 170, upana futi 36, na uzito wake tani 1,130. Watu wake walikuwa 140 hivi. Katika daftari la jeshi la maji ilikuwa daraja moja juu ya zile meli za mizinga za tani 600 hadi 800, lakini tofauti ilikuwa ya ukubwa na idadi ya mizinga tu. Fikra iliyozichora ilikuwa moja.

Injini yake ilikuwa ya kulala, chini ya usawa wa maji ili kombora lisiifikie, na ilikuwa na silinda 2. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni ya kwanza haukuachwa upotee. Ulipelekwa kwenye silinda ya pili iliyo pana zaidi, ukasukuma tena. Ilitoa nguvu ya farasi 1,107 na kuipeleka meli noti 11 na nusu. Injini za aina hii zilikula takribani kilo 1 ya makaa, au zaidi kidogo, kwa kila farasi kwa kila saa. Piga hesabu: kwa nguvu zote ni tani 25 hadi 30 kwa siku. Chombo cha ukubwa ule, ambacho tayari kimebeba mizinga, baruti, maji, chakula cha miezi na watu 140, hakina pa kuweka makaa ya wiki mbili kwa kasi hiyo.

Ukipunguza mwendo mambo hubadilika sana, maana nguvu inayohitajika hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe: nusu ya kasi hudai kama sehemu moja ya nane tu ya nguvu. Ndiyo sababu manahodha walikuwa wakitambaa kwa noti 5 au 6. Lakini hata kutambaa kunataka makaa, na makaa waliyoyaamini yalichimbwa Wales. Kila tani iliyofika Aden au Zanzibar ilikuwa imekwisha kulipiwa nauli ya bahari nzima, kisha ikapakuliwa, ikalindwa ghalani, ikapakiwa tena kwa mabega ya watu. Upepo haukulipiwa. Kaskazi ilivuma kuanzia mwishoni mwa mwaka, kusi ikafuata katikati ya mwaka, na nahodha mwenye akili alizima moto akasafiri kama wasafirivyo watu wa jahazi, akiweka makaa yake kwa siku ya kufukuza au ya kuingia mlango wa bandari upepo ukiwa wa mbele.

Hesabu hiyo hiyo iliingia hadi kwenye mwili wa meli. Fundi wa majahazi wa Lamu au Nungwi angelielewa tatizo lao bila kuambiwa. Katika maji yenye joto, mbao hutobolewa na wadudu wa baharini, na chombo chochote huota majani na magamba mpaka kikawa kizito kama kilichofungwa kamba chini. Jahazi hupandishwa pwani, likachomwa moto chini, likapakwa deheni, kisha linarudi majini. Manowari ya tani elfu moja haipandishwi mchangani kwa namna hiyo. Dawa ya Wazungu ilikuwa kuivika shaba, kwa sababu shaba huyeyuka kidogo kidogo katika maji ya chumvi na sumu yake huzuia viumbe kushika. Tatizo ni kwamba shaba ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma huliwa. Kwa hiyo meli ya chuma tupu haikuweza kuvikwa shaba, na bila shaba ilihitaji gudi mara kwa mara, na gudi lilikuwa mbali.

Suluhisho lao lilikuwa la kuchanganya. Mkuku na mataruma yalikuwa ya chuma, hivyo mifupa ikawa imara na myembamba, ikastahimili mtikisiko wa injini uliokuwa ukizilegeza meli za mbao tupu. Ngozi ilikuwa ya mbao za msaji, tabaka juu ya tabaka, na shaba ikapigiliwa juu ya msaji. Mbao ndizo zilizotenganisha madini mawili yasiyopatana. Misumari ya tabaka la nje ilibidi ichaguliwe na kupigwa kwa uangalifu, isije ikawa daraja la kuyaunganisha. Kazi hii ilikuwa ghali na ya kusumbua, lakini chombo kilichojengwa hivyo kiliweza kukaa miaka kadhaa mbali na nyumbani, na mbao zikitoboka palipatikana seremala wa kuziba karibu kila bandari ya Bahari ya Hindi. Karatasi ya chuma iliyotoboka ilitaka kiwanda. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha werevu mkubwa kuliko vyote katika meli hizi, na ndicho kinachosimuliwa kidogo, kwa kuwa hakionekani kwenye picha.

Mahali pengine werevu uliwaishia. Rafadha inayoning'inia tezi bila kuzunguka huvuta meli nyuma pale inapokwenda kwa tanga. Katika manowari nyingi za wakati ule walitengeneza kisima nyuma, wakawa wanaifungua rafadha na kuipandisha juu kwa kamba na nguvu za watu, na dohani nayo ikashushwa isiyazuie matanga. Meli zilizopewa rafadha 2, ili zielee kwenye maji mafupi, hazikuwa na nafasi hiyo. Ziliburuta rafadha zao popote zilipokwenda. Na hata ile iliyoinua kila kitu bado ilikuwa imebeba uzito wote wa boila na injini bila faida, kama ambavyo siku ya mvuke ilibeba milingoti na foromali zilizoukamata upepo wa mbele na kuirudisha nyuma.

Mizinga ya Gannet ilikuwa 2 ya inchi 7 na 4 ya ratili 64. Yote ilishindiliwa kupitia mdomoni, katika miaka ambayo mataifa mengine yalikuwa yakihamia kwenye mizinga ya kujazwa nyuma. Ile ya inchi 7, yenye uzito wa tani 4 na nusu hivi kila mmoja, ilikaa katikati ya sitaha juu ya reli za shaba zilizopinda, ikasukumwa upande wowote uliotakiwa. Mabamba ya chuma ya kuikinga meli hayakuwapo kabisa.

Kwa hiyo kama chombo cha kupigana na manowari mwenzake, huu ulikuwa ubunifu mbaya, na nadhani waliouchora walijua. Meli hii haikuwa na kasi ya kukimbia wala ngozi ya kuvumilia. Ilibuniwa kwa adui asiye na manowari. Mwaka 1888 Gannet ilitumwa Suakin, kwenye pwani ya Sudan, mji ulipozingirwa na wapiganaji wa Kimahdi waliokuwa chini ya jemadari Osman Digna. Kwa muda wa kama mwezi mmoja ilikaa majini ikiwapiga watu waliokuwa nchi kavu na ambao hawakuwa na cha kuifikia. Hiyo ndiyo vita iliyoifaa.

Pwani yetu ilikuwa na kazi nyingine, na hapo ndipo ubunifu wote uliishia kwenye kitu ambacho hakimo hata katika michoro mikubwa: mashua. Baada ya Sultani Barghash wa Zanzibar kutia saini mkataba wa Juni 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa na soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, biashara haikufa, ilijificha. Ilihamia kwenye vijito vya Pemba, vilango vya mikoko na mapito ya ndani ya miamba ambako manowari inayozama futi 15 haithubutu kuingia. Jahazi linalofukuzwa lilikuwa na hila moja mbaya, ya kukimbilia moja kwa moja ufukweni na kupanda kwenye mawimbi. Mabaharia waliruka wakatokomea, na waliofungwa ndani wakazama au wakavunjikavunjika. Dhidi ya hila hiyo mzinga wa inchi 7 haukuwa na maana yoyote. Ungeua waliotakiwa kuokolewa.

Manowari basi ikawa ghala na hospitali, ikatia nanga nje, na mashua zake zikatumwa kwa siku nyingi, wakati mwingine kwa wiki, kila moja ikiwa na ofisa kijana, mabaharia wachache, pipa la maji na mkalimani. Waingereza wenyewe waliutambua ukweli huu wakaupeleka hadi mwisho wake: mwaka 1874 walileta Zanzibar meli kuukuu ya vita iitwayo London, iliyoshushwa majini mwaka 1840, wakaitia nanga bandarini na kuiacha pale miaka 10 kama kituo cha mashua na karakana. Meli ya safu mbili za mizinga ikawa nyumba ya mashua!

Mwaka 1881 kisa cha Pemba kilionyesha udhaifu wa mpango huo. Tarehe 3 Desemba Kapteni Charles Brownrigg wa London, akiwa katika mashua ya mvuke na watu wachache, aliliendea jahazi la Hindi bin Hattam lililokuwa limepandisha bendera ya Ufaransa. Jahazi lenye bendera hiyo halikuwa halali kupekuliwa na Mwingereza. Kilichoruhusiwa ni kuhakikisha karatasi zake. Akalikaribia bila kujiandaa kwa vita. Watu wa jahazi walifyatua bunduki, wakarukia kwenye mashua, na Brownrigg akauawa. Hindi bin Hattam alisakwa na askari wa Sultani chini ya Lloyd Mathews, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa luteni wa London, akakamatwa na kufa kwa majeraha.

Bendera ile haikuwa ya kubahatisha. Manahodha wengi, hasa wa Sur katika Oman, walijipatia karatasi za Ufaransa, na kwa miaka mingi kipande kile cha kitambaa kiliwalinda kuliko kasi ya chombo chochote. Suala hilo lilifika mahakama ya usuluhishi ya The Hague na kuamuliwa mwaka 1905. Injini, shaba, mizinga na matanga ya Malkia vilisimama mbele ya karatasi.

Kuna upande wa fedha pia, ambao masimulizi ya vita dhidi ya utumwa huupita haraka. Serikali ya Uingereza ililipa zawadi kwa mabaharia: pauni 5 kwa kila mtumwa aliyeokolewa, au malipo kwa kila tani ya chombo kilichokamatwa. Jahazi lililosemekana halistahili kusafiri hadi mahakamani lilichomwa papo hapo baharini, baada ya kupimwa kwa kamba na watu wale wale watakaolipwa kwa vipimo hivyo. Malalamiko kwamba majahazi ya wafanyabiashara halali yaliteketezwa yalifika hadi kwa maofisa wa Uingereza wenyewe. Hilo halifuti ukweli kwamba maelfu ya watu walitolewa katika minyororo. Lakini anayezisoma ripoti za ukamataji bila kukumbuka pauni hizo, anazisoma nusu.

Na nani aliyekuwa chini, penye moto? Chumba cha boila cha manowari ndogo katika kaskazi ya Februari, karibu na ikweta, kilikuwa mahali ambapo Mwingereza hakudumu. Kwa hiyo manowari zilizofika Zanzibar na Aden ziliajiri watu wa pwani yetu, Waswahili, Wangazija, Wasomali, na baadhi yao watu waliokuwa wametolewa utumwani. Waingereza waliwaita Seedies na msimamizi wao wakamwita tindal. Walipiga makasia kwenye mashua, walipakia makaa na kuyasukuma motoni. Mkalimani wa mashua naye alikuwa mtu wa pwani, na mara nyingi ndiye aliyeamua kwa neno lake kama watu waliokaa kimya katika jahazi walikuwa abiria, mabaharia au bidhaa. Sioni namna ya kuziita operesheni hizi za Waingereza peke yao.

Manowari zilipotakiwa kupiga, zilipiga. Mwezi Januari 1875 akida wa Sultani pale Mombasa, Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, aliasi na kujifungia ndani ya Ngome ya Yesu. Zilizotumwa ni Rifleman, meli ya mizinga ya tani 600 na ushei iliyoshushwa majini mwaka 1872, na Nassau, meli ya mbao ya daraja hilo hilo iliyokuwa ikitumika kupima kina cha bahari. Ngome iliyojengwa na Wareno mwaka 1593 na kupiganiwa kwa karne tatu ilisalimu amri baada ya saa chache za mizinga ya vyombo viwili ambavyo katika bahari ya Ulaya visingehesabiwa.

Barghash alikuwa amekwisha kulisoma somo hilo, ila alilisoma upande mmoja. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliziangamiza meli zake. Akaagiza mpya kutoka kwa William Denny wa Dumbarton, Uskochi, nayo ikafika mwaka 1878, mwaka ule ule iliposhushwa Gannet: milingoti mitatu, injini ya mvuke, mifupa ya chuma na ngozi ya msaji. Iliitwa Glasgow, kwa kufuata manowari ya Kiingereza iliyompendeza. Kwenye karatasi alikuwa amenunua kitu kile kile. Lakini manowari ya namna hii haikuwa mbao na chuma tu. Ilikuwa ghala la makaa Aden, mkataba wa mchimbaji wa Wales, karakana ya Bombay, shule ya mizinga, na mabaharia wanaobadilishwa kila baada ya miaka michache. Glasgow haikuwa na lolote kati ya hayo. Ilikaa bandarini mbele ya kasri miaka mingi, na inasemwa kwamba Barghash mwenyewe hakuridhika nayo tangu ilipofika.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, siku 2 baada ya kifo cha Sultani Hamad bin Thuwaini na Khalid bin Barghash kuingia katika kasri bila idhini ya Waingereza, muda waliompa wa kuondoka ulikwisha saa 3 kamili. Dakika 2 baadaye mizinga ilianza. Kati ya meli zilizopiga kasri, 2 zilikuwa za tabaka letu hili katika sura yake ya mwisho: Thrush na Sparrow, zote zilizojengwa Greenock na kushushwa majini mwaka 1889, zenye tani 805, bado zikiwa na mifupa ya chuma na ngozi ya mbao, bado zikiwa na matanga, lakini sasa na mizinga 6 ya inchi 4 inayojazwa kwa nyuma na kufyatuliwa haraka kuliko ile ya zamani. (Thrush ndiyo ile aliyoiongoza mjukuu wa Malkia Victoria, George, mwaka 1890, kabla hajawa Mfalme George wa Tano.) Glasgow ilijibu kwa kuipiga St George, meli ya bendera ya Admirali Rawson, yenye tani zaidi ya 7,000. Jibu lililorudi liliizamisha. Mapigano yalikwisha yapata saa 3 na dakika 40. Upande wa Zanzibar waliouawa na kujeruhiwa walikadiriwa kuwa 500. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja, wa Thrush.

Bandari ile haina kina kirefu, hivyo Glasgow ilikaa chini na milingoti yake ikabaki juu ya maji hadi mwaka 1912 ilipovunjwa na kuondolewa. Waliofika Zanzibar kwa meli katika miaka hiyo walipokelewa na milingoti mitatu iliyosimama baharini.

Ushindi haukuziokoa zile zilizopiga. Mwaka 1904 Admirali John Fisher alishika uongozi wa jeshi la maji akafuta vyombo vingi vya namna hii kwa mpigo mmoja, akisema havina nguvu ya kupigana wala kasi ya kukimbia. Alikuwa sahihi kwa vita aliyoitarajia na Ujerumani. Kwa kazi iliyozizaa, alikosea: dosari hizo mbili hazikuwahi kuwa na maana pale ambapo mpinzani ni jahazi, ngome ya matumbawe au sultani mwenye meli moja isiyo na makaa. Sparrow ilinunuliwa na New Zealand ikawa chuo cha mabaharia kwa jina la Amokura. Thrush ilivunjika kwenye pwani ya kaskazini mashariki ya Ireland mwaka 1917. Gannet iligeuzwa shule ya vijana wa majini mtoni Hamble, na leo imetengenezwa upya katika gudi la kihistoria la Chatham.

Daftari za safari za manowari hizi zimehifadhiwa Kew, London, na ziko wazi kwa kila msomaji. Humo mna upepo wa kila siku, mahali meli ilipotia nanga, na mashua zilizotumwa. Wengi waliozisoma walikuwa wanahistoria wa jeshi la Uingereza, wakitafuta manahodha wao. Vyuo vya Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa vitume huko wanafunzi wanaozijua pepo hizo na vilango vya Pemba kwa majina yake, wakawatafute wapiga makasia, wachochea moto na wakalimani, ambao bila wao hakuna mashua hata moja iliyofika ndani ya mikoko.